Jina la Mwalimu Juu ya Ukurasa

Old Kampala,
18 Januari 1976

Kaka yangu Marjan,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wote hapo Kibera. Sisi tunashukuru Mungu, ila mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana, na kusimama ndiyo kazi yangu. Sukari hatujaiona tangu Idi Kubwa. Chai tunaimeza hivyo hivyo bila kuifikiria.

Nakuandikia kuhusu Kaltumi. Ametimiza miaka kumi na moja na ameingia darasa la sita. Unajua bado nauza sambusa kwenye lango la sekondari, na yeye akitoka shuleni kwake huja kunisaidia. Kumbe hanisaidii, anasimama dirishani kwa kidato cha tatu. Novemba iliyopita mwalimu aliuliza swali, darasa zima kimya, na jibu likatoka dirishani. Mwalimu akatoka nje na chaki mkononi. Nilidhani amekuja kutufukuza. Akamwandikia maswali matatu ukutani, na mtoto akayamaliza huku unga uko mikononi.

Sasa anataka Kaltumi aingie darasani kwake kila alasiri, asome aljebra na watoto wa miaka kumi na sita. Jina lake Tarcisio Opoka, Mwacholi, mtu mwembamba mpole. Tangu walimu wa Kihindi wafukuzwe na Wazungu wakafuata, yeye peke yake ndiye anayefundisha hesabu shule nzima, kwa kitabu kimoja anachokinakili ubaoni.

Wewe ndiye mwalimu wa hesabu katika ukoo wetu. Baba yake Kaltumi angekuwa hai ningemuuliza yeye, ingawa najua angesema, muulize Marjan. Basi niambie, niseme ndiyo au hapana?

Dada yako,
Zubaida

*

Kibera, Nairobi,
9 Februari 1976

Dada yangu mpendwa Zubaida,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu sana. Pole na mguu. Uloweke kwenye maji ya chumvi, kama chumvi nayo ipo.

Jibu langu ni hapana. Usinione nina roho mbaya. Umesahau mimi? Nilikuwa na miaka kumi waliponirusha madarasa mawili. Baba akachinja mbuzi, mtaa mzima ukala. Wewe ulikuwa unapakua chakula, hukuona nilivyokaa darasani kesho yake. Wenzangu walikuwa wameshaota ndevu. Hawakunipenda kwa lolote ila majibu, kwa hiyo nikajifunza kutoa majibu upesi. Nilijua kufanya, sikujua kwa nini inafanyika hivyo. Nilipofika kidato cha tano yote yakaanguka. Ilinichukua miaka mitatu kurudi nyuma kusoma nilivyoviruka, kwa kujificha, kwa aibu.

Mwache mtoto amalize la sita na wenzake, aruke kamba, agombane, apatane. Hesabu haiendi popote. Hakuna anayemfukuza.

Lakini akisoma kwa mtu yeyote, hata siku moja, asiache adabu ya Baba: jina la mwalimu juu ya ukurasa kabla ya kuandika neno lolote. Ndivyo tulivyofundishwa chuo cha Kurani na mbao zetu, na mimi mpaka leo nafanya. Mtu asiyemtaja aliyemfundisha ni mwizi.

Kaka yako,
Marjan

*

Old Kampala,
27 Machi 1976

Kaka Marjan,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mguu ni ule ule.

Barua yako niliisoma mara mbili na mara ya pili nilikasirika, nisamehe. Unasema hakuna anayemfukuza. Una miaka mitatu tu tangu uondoke na umeshasahau? Huku nani hafukuzwi? Mwalimu wa jiografia alitoka Jumamosi kutafuta mkate, kiti chake kitupu mpaka leo. Wa fizikia amevuka mpaka kimyakimya na watoto wake. Wewe unahesabu miaka ya Kaltumi. Mimi nahesabu walimu waliobaki, na wa hesabu ni mmoja.

Nilimuuliza huyo Mwalimu Opoka, kwa nini asingoje mtoto afike sekondari kama watoto wengine? Akapangusa chaki mikononi, akasema, "Mama Kaltumi, mimi siwezi kuahidi mwaka kesho." Unajua Waacholi wanavyosakwa huku.

Kwa hiyo nimesema ndiyo. Ameanza wiki mbili zilizopita. Anakaa mbele kwa ufupi wake, na wale wakubwa wanamwita Bibi. Jina la mwalimu analiandika juu ya kila ukurasa kama ulivyoagiza: Kwa mkono wa mwalimu wangu Tarcisio Opoka. Mwenyewe alipoliona alicheka, akasema hata kwenye cheti chake jina halikuandikwa vizuri hivyo.

Nilimuuliza mtoto anapenda nini huko. Akasema, "Mama, kule jibu la jana na leo ni lile lile." Nikaendelea kukunja sambusa.

Usinikasirikie. Nimechoka kuamua peke yangu.

Dada yako,
Zubaida

*

Kibera,
20 Juni 1976

Dada yangu Zubaida,

Salamu kwako na kwa huyo Bibi wa kidato cha tatu. Sisi wazima, ila kikohozi cha wifi yako hakitaki kuondoka. Nisamehe kwa kuchelewa. Sikuwa na hasira, nilikuwa natafuta la kukujibu. Ni kweli nimesahau. Mtu akizoea kulala bila kusikilizia magari, husahau upesi.

Lakini na mimi hofu yangu haijaniacha. Kuharakisha si kuelewa. Basi tufanye hivi: nimemtungia swali moja. Si gumu, ila mtoto anayekariri litamwangusha. Alifanye peke yake, aandike kila hatua, uniletee. Akiliweza nitafunga mdomo, tena nitamwandikia Mwalimu Opoka barua ya shukrani.

Feri inaondoka Port Bell saa kumi na mbili asubuhi kwenda Kisumu, imebeba mabehewa ya reli kumi na tisa, inakwenda maili kumi na mbili kwa saa. Feri ya pili inaondoka Kisumu saa mbili asubuhi kuja Port Bell, imebeba mabehewa kumi na moja, inakwenda maili nane kwa saa. Tuseme kati ya bandari hizo ni maili 184. Zitakutana saa ngapi, na maili ngapi kutoka Port Bell?

Mabehewa hayahitajiki. Nimeyaweka makusudi nione kama atajua kuyaacha. Na Port Bell nimeiweka kwa ajili yangu mwenyewe. Unakumbuka Baba alivyotupeleka hapo bandarini Luzira kutazama mabehewa yakiingizwa kwenye feri, wewe ukalia ukidhani itazama?

Kaka yako,
Marjan

*

Kibera,
2 Septemba 1976

Dada Zubaida,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Tunasikia mengi kwenye redio tangu mambo ya Entebbe, na watu wanaofika kutoka huko hawasemi mambo mazuri. Swali liache, silitaki tena. Andika neno moja tu kwamba mko wazima.

Kaka yako,
Marjan

*

Old Kampala,
14 Novemba 1976

Kaka Marjan,

Tuko hai. Barua hii anakuletea Marie-Louise, jirani yangu Mkongo anayeuza vitenge na kupita mpakani Busia kila mwezi. Usiniandikie tena kwa posta.

Barua yako ya swali ilifika katikati ya Julai. Waliileta wanaume wawili wenye miwani ya jua, saa nne asubuhi, imeshafunguliwa. Wewe uliiandika Juni, hukujua. Ilipofika, Waisraeli walikuwa wameshatua Entebbe na kuondoka, na redio inasema kutwa kwamba Kenya iliwasaidia. Na mimi nina ndugu Nairobi anayeuliza feri za Port Bell zinaondoka saa ngapi, na mabehewa mangapi.

Walitupakia kwenye gari mimi na Kaltumi. Mkubwa wao alikuwa na barua mezani.

"Mama, hii nini? Ndugu yako iko Nairobi, nataka jua feri natoka saa ngapi. Sababu gani?"

"Ni hesabu ya mtoto, afande."

"Mtoto gani?"

Nikamwonyesha. Wote wakacheka.

"Huyu? Huyu hapana jua hata kufunga kiatu. Mama, wewe nadanganya serikali."

Kaltumi akasema, "Nipeni karatasi." Hata tafadhali hakusema. Wakampa fomu moja aandike mgongoni. Marjan, kabla ya kuandika tarakimu hata moja, aliandika pale juu: Kwa mkono wa mwalimu wangu Tarcisio Opoka. Nilimwona akiandika. Nilikaa karibu naye, ningenyoosha mkono ningemzuia. Sikuona hatari. Mungu anisamehe, niliona fahari, kwamba mtoto wangu hasahau adabu hata mbele ya bunduki.

Akamaliza upesi. Zinakutana saa kumi jioni, maili mia na ishirini kutoka Port Bell. Mabehewa aliyaacha. Akaitwa karani ahakikishe, naye alihangaika na swali mpaka jasho likamtoka, kisha akasema ni sawa.

"Kumbe hesabu kweli," mkubwa akasema. "Mama, wewe Mnubi kama sisi, wewe mtu yetu. Enda nyumbani. Ambia ndugu yako wacha maneno ya feri." Halafu akaweka kidole pale juu ya karatasi. "Opoka. Hii jina ya Acholi, si ndiyo?" Hakungoja tumjibu. Karatasi akaitia kwenye droo.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi walimchukua Mwalimu nyumbani kwake Nakawa, akiwa anamsuka binti yake nywele, kwa sababu mkewe Concy alikuwa na homa. Nilikwenda kumwona Concy. Hakunitukana, alinipa kiti. Afadhali angenitukana. Wiki ya pili nilikuta nyumba tupu. Mpaka leo hakuna habari ya Mwalimu, na hakuna anayeuliza kwa sauti.

Kaltumi alinisikia nikimsimulia Marie-Louise. Daftari lake amelifunga kwa kamba na kuliweka juu ya kabati. Hajaligusa tena.

Dada yako,
Zubaida

*

Kibera,
3 Desemba 1976

Dada yangu,

Nimeisoma mbele ya Marie-Louise na yeye akanishika bega. Sijui nianzie wapi. Feri niliziandika mimi. Kuandika jina juu ya ukurasa nilisisitiza mimi. Nilikaa hapa nikiogopa mtoto asije akapoteza utoto wake kwa kuharakishwa, na sikuogopa kitu kingine chochote. Ulinieleza wazi mwezi wa tatu, nikasema nimeelewa, kisha nikatia mabehewa kwenye bahasha.

Mwambie Kaltumi kosa ni langu. Mwambie hivyo kila siku mpaka aamini. Na kama unaweza kumwachia, mtume aje kwangu pamoja na Marie-Louise. Kuna shule karibu hapa, nitamfundisha mwenyewe, darasa lolote atakalo, sitamzuia tena. Nakuomba asiache. Kama ataacha, Mwalimu Opoka atakuwa amechukuliwa bure kabisa.

Nalia ninapoandika, sioni haya kukwambia.

Kaka yako,
Marjan

*

Old Kampala,
12 Machi 1977

Kaka Marjan,

Assalamu alaikum. Tuko wazima. Mguu nimeuzoea. Mpe pole wifi na kikohozi chake, Marie-Louise anamletea tangawizi. Huku mambo yamezidi, hasa kwa Waacholi, na sitayaandika. Lile eneo la kujengwa msikiti mkubwa kilimani liko vile vile ulivyoliacha.

Kaltumi yuko darasa la saba. Anakaa mstari wa tatu na wenzake wa umri wake, kama ulivyotaka. Anaruka kamba. Ana rafiki anaitwa Amito, wanagombana na kupatana. Ungemwona ungefurahi.

Wiki iliyopita mwalimu wao mpya, Saverio, aliniita. Zamani alikuwa anafundisha dini, sasa anafundisha kila kitu. Alinihurumia. Akasema, mama, nilisikia sifa nyingi za mtoto huyu, lakini naona ni wa kawaida, na katika hesabu amepata sifuri. Akanipa karatasi nikaisome nyumbani.

Unajua mimi niliishia la nne. Lakini kujumlisha najua, na jedwali la tisa najua. Nilikaa kwenye kigoda nikafanya maswali niliyoyaweza, yalikuwa kumi na mawili, kwa vidole na kwa punje za maharage. Sita mara tisa yeye ameandika hamsini na tano. Thelathini na nane kujumlisha kumi na nne, ameandika hamsini na tatu. Yote kumi na mawili ni hivyo. Kila jibu limezidi moja, Marjan, hakuna lililozidi mbili, hakuna lililopungua. Na juu ya ukurasa hakuna jina la mtu yeyote.

Nilimwita nikamwonyesha. Sikumpigia kelele, nguvu hiyo sina tena. Nikamwambia mjomba wako anakuita Nairobi, amesema kosa ni lake, utasoma unavyotaka, hakuna atakayekugusa. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Sitaki, Mama. Na huko nikipata, watauliza nani alinifundisha."

Barua ya swali usilete tena. Leta salamu tu.

Dada yako,
Zubaida