Mgomba Uliozikwa kwa Jina Lako

Wifi yangu Khainza,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa mtu wa kusubiri salamu ndefu, ungenikatiza: "Wifi, chai inapoa, sema kilichokuleta." Basi ndicho hicho. Kampuni ya bima imekubali kwamba umekufa. Najua ni ushindi wa ajabu kumpelekea marehemu, lakini ukisoma mpaka mwisho utapiga vigelegele.

Nakuandikia nikiwa kitandani Walukuba, hapa Jinja, katika nyumba aliyopewa baba yangu enzi za kazi yake kiwandani. Moyo wangu umechoka. Daktari alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba mbuzi wake ameuzwa. Binti yangu Nandudu anajua nusu tu. Wewe nakwambia yote, maana najua hutamwambia mtu. Na kabla sijakufuata nina la kuungama: nina furaha. Mjane wa kaka yako, bibi mwenye miguu iliyovimba kama viazi vikuu, ana furaha isiyofaa kabisa katika barua ya msiba, na nimeshindwa kuificha.

Unakumbuka kaka yako aliponileta kwenu mlimani Wanale mara ya kwanza? Mimi binti wa Mkenya, niliyelelewa kwa Kiswahili, nikakusalimia kwa Kiswahili, nawe ukatupa jembe ukakimbilia migombani. Miaka ile Kiswahili kilikuwa cha askari. Baadaye ulinisimulia ukicheka mpaka machozi: "Nilidhani kaka ametuletea afande wa kike, amekuja kutukamata." Ukaniita Afande mpaka tukazeeka. Hakuna anayeniita hivyo sasa. Watu wananiheshimu mno, inachosha.

Karibu maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza katika ofisi ya bima Jinja mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Tulikatia bima maghala, malori na mashine za viwanda. Kila Krismasi nilipopanda kwenu ulinihoji kuliko mkubwa wangu wa kazi.

"Ghala likiungua mnalipa?"

"Tunalipa."

"Na mlima wangu ukianguka?"

Nikakujibu kwa sauti ya ofisini kwamba hiyo ni kudra ya Mungu, na kudra haikatiwi bima. Uliendelea kukatakata malewa, yale machipukizi ya mianzi, bila kunitazama. "Mungu huyo ana upendeleo," ulisema. "Anawaangushia mlima watu wa kahawa, maghala ya Jinja anayaruka." Jioni nilikula malewa yako.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu bima ilipoanza kupanda mlima yenyewe. Kampuni ziligundua kwamba watu wengi wanaochanga kidogo kidogo kwa simu si wa kudharauliwa mbele ya mwenye ghala. Kikundi chako cha mazishi, ambacho mali yake ilikuwa masufuria makubwa, turubai na viti vya plastiki, kikajiunga. Mimi ndiye niliyewasomea mkataba, tumekaa nje ya kanisa. Ulisimama mbele ya wanawake wako ukauliza: "Afande, mtu akifa, pesa inafika maharage yakiwa jikoni au wageni wakiwa wameshaondoka?" Nikasema inafika upesi, mradi cheti cha kifo kiwepo. Mkacheka, mkatia alama za vidole. Hakuna kati yetu, hata mimi niliyesomea mambo hayo, aliyeuliza itakuwaje kwa mtu ambaye hataonekana tena.

Halafu mlima ukashuka.

Siwezi kukueleza siku ile, wewe unaijua kuliko mimi. Nitakueleza baada yake. Walikutafuta kwa majembe, kwa mikono, kwa masufuria yenu yaleyale. Binti yako Wanyenze, ambaye asubuhi ile alikuwa ameteremka sokoni Mbale na watoto, alichimba mpaka kucha zikatoka. Mlikuwa wengi chini ya udongo ule, na wengi hamkuonekana. Wazee wa ukoo walipoona hakuna tumaini, wakasema mzikwe kama anavyozikwa mtu aliyepotelea mbali: mgomba badala ya mwili.

Kwa hiyo tulikata mgomba katika sehemu ya shamba lako iliyobaki. Wanyenze aliufunga kwenye shuka lako la maua ya buluu. Ukalazwa chini, mchungaji akaomba, mzee wa ukoo akaliita jina lako mara tatu, nasi tukatupa udongo. Naungama tena, wifi: nilipokuwa natupa udongo nilikusikia kabisa ukilalamika kwamba ule mgomba ulikuwa karibu kuzaa.

Kwetu sisi ulikuwa umezikwa. Kwa kampuni ulikuwa umesafiri. Hakuna maiti, hakuna cheti; hakuna cheti, hakuna fidia; mtu asiyeonekana husubiriwa miaka ambayo sheria imeweka. Wanyenze alikuwa akilala na watoto katika hema kwenye uwanja wa shule, na alinipigia simu akasema bila kulia, jambo lililonitisha zaidi: "Mama Jinja, kampuni inasema Mama yuko safarini. Sawa. Mimi narudi kujenga kwetu, palepale."

"Palepale wapi?"

"Pale chini ya mlima. Nina kiwanja kingine?"

Ndipo nilipojua ninagombania nini. Sikugombania karatasi. Mvua nyingine ilikuwa inakuja, na mwanao alikuwa anabeba matofali kuipelekea.

Nilimdanganya Nandudu kwamba nakwenda Mbale kuombewa. Aliniwekea biskuti na dawa, akaniombea hata yeye kabla sijatoka. Mbale nikakutana na Wanyenze, ambaye sasa amekalia kiti chako cha uenyekiti wa kikundi, naye alikuwa ameleta nilichomwomba: mgomba mwingine kutoka shambani kwako, umefungwa kamba. Tulipanda boda, mimi katikati ya dereva na mgomba, Wanyenze kwenye boda ya nyuma akicheka licha ya yote. Dereva aliniuliza, "Mama, huyu abiria mwingine naye analipa?" Nikamwambia huyo anakwenda kukatiwa bima. Aliendesha kwa uangalifu tangu hapo.

Ofisi ya kampuni ina kioo na kiyoyozi. Meneja ni mwanamke kijana anayeitwa Sharon, mwenye akili kali, na nilimpenda mara moja, hilo nalo naliungama, kwa sababu hakunionea huruma. Alinisikiliza. Nilimwambia: nyinyi mnauza bima ya mazishi kwa watu wa mlimani, mlima unazika watu bila kuwarudisha, basi kubalini ushahidi ambao watu hao wanautumia wenyewe. Mgomba uzikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mzee wa ukoo, mchungaji au imamu, na majirani, watie sahihi, nanyi mlipe.

Akautazama mgomba juu ya meza yake, unavyotoa maji kwenye zulia. "Mama, nikikubali mgomba mmoja leo, kesho nitaletewa shamba zima."

Wifi, lilikuwa swali zuri. Mimi mwenyewe ningeliuliza. Miaka yote ile nilikuwa nalipwa kuuliza swali hilohilo.

Nikavua khanga yangu begani nikaiweka mbele yake. "Basi ufunge," nikamwambia. "Ufunge vizuri kama maiti, halafu uuite jina la mama yako."

Alinyoosha mkono. Mkono ukafika kwenye khanga, ukasimama. Karani aliyekuwa akigonga mihuri akageuka kututazama. Sharon akaurudisha mkono wake mapajani.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini? Si mgomba tu?"

"Mama yangu yuko hai."

Wanyenze akasema kwa sauti yako, wifi, sauti yako kabisa: "Na sisi hatuwezi. Kwetu mtu akizikiwa mgomba halafu atokee akiwa hai, haingii nyumbani mpaka afanyiwe tambiko, na aliyemzika hatazamwi usoni. Nani atafanya hivyo kwa ajili ya fidia? Weka hilo kwenye mkataba wako."

Sharon akaliweka. Si siku ile, maana ilibidi wakubwa wake Kampala waambiwe, na wanasheria wao wasumbuke, na mimi niende tena Mbale "kuombewa" mpaka Nandudu akaanza kuniuliza hilo kanisa ni lipi. Lakini kifungu kipo, nimekisoma kwa macho yangu yanayofifia: mazishi ya mgomba, yakishuhudiwa kama nilivyoeleza, ni uthibitisho wa kifo kwa wale ambao mlima umewachukua. Familia zote zililipwa. Wanyenze alinunua kiwanja kidogo chini kwenye tambarare, upande wa mjini, na wewe, rasmi, ukaacha kuwa safarini.

Ningeweza kufa hapo nikiwa nimeridhika. Lakini Sharon hakuridhika. Siku moja alipanda mpaka kwenye kaburi lako, na viatu vyake vya ofisini mkononi, akakaa kwenye nyasi akaniuliza: "Mama, kwa nini tunasubiri mgomba?"

Sikumwelewa. Akaeleza. Angeweka kipima mvua shuleni kwenu, kopo la kawaida tu machoni pa mtu, ambalo mwalimu angelisoma kila asubuhi. Mvua ikinyesha siku kwa siku mpaka ipite alama, kampuni inatuma pesa kwenye simu za wanachama: si za kuzikia, ni za gari la kubebea magodoro na za kodi ya chumba mjini mpaka udongo ukauke. Hakuna anayekuja kukagua hasara, kwa sababu hasara haijatokea.

Nilimwambia hiyo si bima. Mimi nilifundishwa hasara kwanza, malipo baadaye. "Hiyo ni nauli," nikasema.

"Basi tutauza nauli," akanijibu, akaanza kuvaa viatu.

Khainza, nilicheka mpaka Wanyenze akanishika mgongo. Maisha yangu yote ofisini, na sikuwahi kusikia jambo la maana kama lile.

Si wote waliojiunga. Wengine walisema wamechoka kuchanga, wengine walisema kopo haliwezi kujua mawazo ya Mungu. Lakini kikundi chako chote kilijiunga. Na mvua ya msimu huu ilipozidi, alama ikapitwa, simu zikalia jikoni na mashambani, na watu wakateremka na magodoro, kuku na wagonjwa, na wale wasiochanga wakawafuata, maana nani atabaki peke yake mlimani jirani zake wakifunga milango? Nyumba ya Wanyenze ilikuwa na mabati upande mmoja tu. Upande huo ulijaa.

Kisha akanipigia. "Mama Jinja, mlima umeshuka tena."

Nikajiinua kitandani. "Nani?"

"Hakuna."

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu. Umechukua nyumba, umechukua kahawa, umemchukua mbuzi wa mwalimu. Hakuna mtu, Mama! Hakuna mtu!" Na nyuma yake nikawasikia wanawake wako, wote, wakipiga vigelegele chini ya bati lile nusu.

Nami nikapiga vyangu. Hapa kitandani, kwa mapafu haya. Nandudu alikuja mbio akidhani nakata roho, akanikuta nimeshika simu nacheka, ikabidi nimwambie ukweli wote kuhusu maombi ya Mbale. Alininunia hadi chakula cha jioni. Kisha akaniomba nimweleze tena ile sehemu ya mkono wa Sharon.

Sasa vijana wa stendi ya boda hapa Walukuba wanakuja kukaa mlangoni kwangu, wanataka bima ya siku ambazo dereva amevunjika mguu na hapati abiria. Nawaeleza. Wananisumbua kwa maswali makali, na ninawapenda kwa hilo.

Kwa hiyo hivi ndivyo nakuaga, wifi, nikijua siko nyuma yako sana. Sikulilii leo. Kahawa yako imekwenda na ule mteremko umebaki mwekundu kama kidonda, sitakudanganya. Lakini watu wako wapo, nimewahesabu kwa majina, hakuna pengo. Mabati ya upande wa pili yatapigiliwa mwezi huu, na nakuahidi jambo moja: Mungu akinipa pumzi, nitapelekwa Mbale nilale kwa Wanyenze mvua kubwa inaponyesha. Nitaisikiliza ikipiga bati, kali inavyotaka. Nitawasikiliza wajukuu zako wakikoroma katikati yake. Kisha nitalala.

Wako, anayekukosa kila siku,

Afande