Rafiki wa Kalamu wa Zuhura

Mjukuu wangu Rehema,

Barua yako imefika salama. Sie hatujambo, ila goti la babu yako linamsumbua, na bado hataki kutumia mkongojo.

Umeniuliza uwaambie nini wanafunzi wako wa darasa la nne kuhusu watu wanaowapata mtandaoni. Mie mtandao siujui sana. Namkumbuka Zuhura, niliyemfundisha Temeke miaka ya tisini mwanzoni, akiwa na miaka kumi na moja.

Alipata rafiki wa kalamu gazetini, msichana wa rika lake, wakaandikiana kwa sanduku la posta la shule. Siku moja akaniletea barua.

"Mwalimu, anataka tukutane Buguruni Jumamosi. Kasema nisimwambie mama. Picha yangu anayo, na kwetu anapajua."

Nilitaka kufoka, nikajizuia. "Umefanya vizuri kunionyesha," nikamwambia. "Kaa hapa, tuisome wote."

Jumamosi nilikwenda na mama yake. Zuhura tulimwacha nyumbani. Mahali palipotajwa hapakuwa na msichana; tulimkuta mwanamume wa makamo ameshika picha ya Zuhura. Mama alipiga yowe, watu wakajaa, polisi wakamchukua.

Wafundishe wanao wasimpe mtu wasiyemjua picha wala wasimwambie mahali wanapokaa. Ila Zuhura alishayatoa yote hayo, na bado alipona kwa sababu alisema.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alinijia mie.

"Siku ile hukuwa na fimbo, mwalimu."

Kweli, ilivunjika jana yake. Sikutafuta nyingine.

Bibi yako,
Mwanaidi