Karanga za Moto Kwenye Wimbo wa Stesheni

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kifaranga,

Pokea salamu za mtu mwenye bahati kuliko wote waliozaliwa katika ukoo wetu, na ukitaka ongeza na koo za jirani. Sijisifu, nasema kilichopo. Mama yangu na mama yako wamepatana! Ndiyo, hao hao unaowajua. Wamepatana kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia, wala sikutoka jasho. Ni bahati tu imenipenda kama kawaida yake. Wajomba walishindwa, mwalimu wa kwaya alishindwa na sauti yake yote ile, mimi nikaweza nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kochi.

Lakini kwanza hali yako. Hiyo baridi uliyosema inaingia mpaka kwenye meno imepungua? Kazi ya kufua mashuka ya hospitali inakwendaje, mikono haikupasuki? Na huyo mchumba wako anakula vizuri? Katika picha uliyotuma nilimwona shingo nyembamba kidogo, ila nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Sisi huku wazima. Mama analalamikia magoti, Mama Mdogo analalamikia macho, na wote wawili wananilalamikia mimi, kwa hiyo afya ipo.

Barua yako niliisoma nimekaa, nikairudia nimesimama. Unasema umechoka. Ukimwalika mama yako, Mama Mkubwa wako haji. Ukimwalika Mama Mkubwa wako, mama yako anaumwa ghafla. Na kwamba wasipopatana, wewe na mwenzio mtakwenda kufunga ndoa kimya kimya na mashahidi wawili, bila sherehe wala ndugu, halafu mtatutumia picha. Picha, Kifaranga! Mimi kaka yako nivae suti nikae sebuleni niangalie picha? Suti yenyewe nimeshaipeleka kwa dobi.

Wewe uliondoka mambo bado ni moshi tu, hukuuona moto wenyewe. Mama anasema sufuria yake kubwa alimwazima mama yako ikiwa na mfuniko. Mama Mdogo anasema ilikuja kichwa wazi na yeye akaifunika kwa sinia. Basi. Huu mwaka wa nne hawasemeshani, na vyumba vyao vinatazamana! Kila neno linapita kwangu. Mama anakaa mlangoni kwake, mama yako anakaa mlangoni kwake, kati yao panatosha mbuzi mmoja kulala, na Mama ananiambia, "Mwambie mwenzio maji yake yanamwagika." Namgeukia Mama Mdogo, na kabla sijafungua mdomo ananijibu, "Mwambie dada yangu nimesikia, mimi si kiziwi." Mimi mtu mzima, fundi ninayetafutwa na wenye hoteli, nimegeuzwa waya wa simu.

Sasa sikia bahati inavyofanya kazi. Mama yako aliniomba nimvalishie upya lile kochi jekundu ulilokuwa ukilirukia. Nikalilaza kifudifudi uani, nikachana kitambaa cha chini, nikatia mkono tumboni mwake. Kwenye kochi la zamani unakuta dunia nzima, hilo nakwambia mimi niliyeyafungua ya matajiri na ya maskini. Nikatoa kitana, kijiko, jino la bandia ambalo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kulidai, na kaseti. Nikaifuta vumbi. Mwandiko wa Mama Mdogo: "Picha ya Tarumbeta. Usifute."

Kifaranga, nilikaa chini kwenye sponji.

Wewe nyimbo zile ulizikuta nyumbani, lakini siku zilipoingia kwenye kaseti ulikuwa wa kubebwa, kwa hiyo acha mwenye kumbukumbu akusimulie. Mama zetu walikwenda nasi sinema wakachukua na redio kaseti, wakaificha kwenye kikapu chini ya nepi zako. Mkata tiketi alifunua kikapu, akakifunika haraka na kutupisha. Picha yenyewe ilikuwa ya kuimba mwanzo mwisho. Binti wa stesheni masta anampenda mpiga tarumbeta wa sarakasi, baba mtu hataki, kijana anapanda treni, binti anabaki kwenye mvua anaimba. Lugha yao hakuna aliyeijua ila mimi, niliyekuwa nikielewa maneno mengi sana nikawa nawatafsiria, mpaka watu wa mstari wa mbele wakaniomba ninyamaze. Wivu tu.

Kwa hiyo kaseti yetu haikuwa kama za watu wengine. Imo Mama anamfokea stesheni masta, "Mzee una roho mbaya wewe, mwache mtoto!" Yumo bwana wa nyuma, "Mama, kaa chini, kichwa chako si kioo!" Na kwenye ule wimbo wa stesheni, pale binti anapokata pumzi kabla ya kiitikio, anaingia muuzaji na beseni lake, "Karanga! Karanga za moto!" Sawasawa na ngoma, hakosei. Halafu kuna mtu analia. Analia kwa kukoroma, anameza, anaanza upya, na tarumbeta inapoingia anapenga kamasi kwa sauti ile ile ya tarumbeta.

Tumekua tukiimba hivyo hivyo, na kulia kumo, na karanga zimo. Nadhani unakumbuka wewe ndiye uliyekuwa karanga, maana sauti yako ilikuwa kali. Mimi nilijua wimbo ndivyo ulivyo. Nilipokuwa fundi wa hoteli, mtu wa suruali ya pasi, siku moja bendi yao ikaupiga ukumbini. Mimi niko pembeni nashona kiti. Mwimbaji akakata pumzi, na mdomo wangu haukuniuliza: "Karanga! Karanga za moto!" Ukumbi mzima ukageuza shingo. Meneja alizunguka meza zote akimtafuta muuza karanga, na mimi nikamsaidia kumtafuta, nikatazama mpaka chini ya piano.

Tuendelee. Utepe wa kaseti ulikuwa umejikunja kama utumbo wa kuku. Nikaukalisha kwa penseli, taratibu. Binti yangu alinikuta nahangaika akacheka, akasema nyimbo za picha ile zimo kwenye simu yake, safi, hazina hata mkwaruzo. Akamwekea Mama. Mama akasikiliza wimbo wa stesheni mpaka mwisho, akamrudishia simu.

"Huyu si yule," akasema. "Wamemtafuta mwingine."

Ng'ambo ya pili, mlangoni kwake, Mama Mdogo hakuulizwa na mtu. "Mwambie bibi yako," akamwambia binti yangu, "na karanga wamezikata."

Hapo akili yangu ikapiga mluzi. Watu hawa hawajawahi kukubaliana jambo lolote tangu sufuria ile, na leo wamekubaliana kuhusu karanga! Nikatoka mbio kwenda kwa kinyozi wa kona, yeye bado ana redio kaseti, anaitumia kuzibia dirisha. Hakutaka kuitoa, akasema upepo utaingia. Nikamwachia mto wa kochi, mpya kabisa, nikaondoka na redio begani kama mtu aliyeshinda kombe.

Jana alasiri nikaiweka uani, juu ya kochi lililo uchi. Mama akaletwa na udadisi, akakalia kigoda akitazama ukuta. Mama Mdogo akaletwa na kochi lake, anasema anakuja kulinda springi, akakaa akitazama ukuta wa pili. Migongo yao inatazamana. Mimi nikaendelea na kazi, maana mtu akionekana ana nia kubwa watu hukimbia. Nikabonyeza.

Betri zilikuwa dhaifu. Sauti ikatoka nzito, inajivuta, "Mzeeee... unaaa... roooho..."

"Mwulize mwenzio," Mama akasema, "mlevi huyo alikaa karibu na nani?"

"Ni wewe huyo, Mama."

Mama Mdogo akajikunyata, mabega yakitetemeka. Nilidhani ni homa, kumbe anacheka na hataki ionekane. Nikachomoa betri za tochi nikazitia mle, na picha yote ikafufuka: mvua, treni, beseni la karanga. Nisikufiche, macho yangu yaliingiwa na vumbi la sponji.

Wakati huo nilikuwa nashikiza kitambaa. Sisi mafundi wa makochi misumari midogo tunaihifadhi mdomoni, unachomoa mmoja, unapiga, unachomoa mwingine. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Ndipo kilio kikaanza kwenye kaseti. Na wewe unajua ugomvi wa kilio kile ni mkongwe kuliko wa sufuria. Kila mmoja maisha yake yote anasema aliyelia ni mwenzake.

"Mwambie mwenzio ajisikilize anavyokoroma," Mama akasema.

Nikasema, "Mmh."

"Mwambie dada yangu mimi hulia kistaarabu. Hiyo si sauti yangu."

"Mmh."

"Si umwambie!"

"Mmh! Mmh!"

"Mtoto huyu leo ana nini?" Mama akauliza hewani.

"Ana misumari mdomoni," Mama Mdogo akamjibu.

Kifaranga. Nyundo yangu ilibaki juu. Mama zetu walikuwa wamegeuka na kutazamana kama watu waliogongana kwenye kona. Kwenye kaseti yule mtu akapenga kamasi, tarumbeta ikaingia.

"Na pua hiyo ni ya nani kama si yako?" Mama akamwambia, uso kwa uso.

"Yangu? Dada, kila mtu anajua pua yako ilivyo! Wewe, rudisha nyuma asikie!"

Mimi nikarudisha. "Rudisha tena!" Nikarudisha. Watu wengine watakuja kukwambia kwamba misumari ile ilikuwa ajali. Ilikuwa mbinu. Mtu wa dunia anajua lini aseme na lini ajaze mdomo.

Basi habari kubwa ni hiyo, zilizobaki ni ndogo. Kochi limependeza, nimelivalisha rangi ya zambarau, mama yako anasema hakuomba zambarau. Binti yangu sasa anaimba wimbo wa stesheni akiosha vyombo, na karanga anazitia mahali pake bila kufundishwa. Kinyozi anaulizia redio yake. Nimemwambia awe na subira.

Nisalimie mchumba wako, mwambie shemeji yake mkubwa ni mtu wa watu, asiogope. Wasalimie na wenzako mnaofua nao mashuka. Huku unasalimiwa na binti yangu, na mke wangu, anayesema usiamini kila ninachoandika, na mwalimu wa kwaya, na kinyozi japo hakujui. Mama Mkubwa wako na mama yako wanakusalimu sana. Mungu akulinde na baridi hiyo, aufungue mlango unaotaka kuuingia, na siku hiyo ikifika akupe watu wengi wa kukupigia vigelegele kuliko viti vilivyopo.

Wako nikupendaye kwa moyo ulio mkubwa kuliko mdomo, ingawa wengi hawaamini kama inawezekana,

Kaka yako, Fundi Bingwa.

Nimeshatia sahihi, nimeshakunja karatasi, nimeikunjua tena. Pale mwanzo niliandika kwa pupa, kwa sababu niliogopa ukisoma vingine utakwenda kwa mashahidi wako wawili na mambo yaishe. Sasa sikia. Tangu jana alasiri wale hawajanyamaza. Kutoka kwenye kilio wameingia kwenye pua, kutoka kwenye pua wakafika kwenye sufuria, na mfuniko haujaonekana na kila mmoja ameapa upya. Leo asubuhi nimewakuta mlango mmoja, kigoda kwa kigoda. Mama anamjazia mama yako chai kikombe cha tatu ili asiondoke kabla hajamaliza kumwambia ubaya wake. Kila mmoja amenivuta pembeni akaniomba jambo lile lile: harusini akae ubavuni mwa mwenzake, ili wewe ukiingia ukumbini watu wote waone kwa macho yao nani huwa analia. Nguo wameshaanza kuchagua, na hapo nako wanagombana. Kwa hiyo waalike wote wawili, Kifaranga, na uwatengee viti vya pamoja.

Lakini kupatana hawajapatana. Nilikudanganya.