Fimbo ya Baba Mdogo Manolis

Tarpon Springs, Florida,
Mei 12, 1948.

Mpendwa Shangazi Themelina,

Shikamoo, na Kristo amefufuka. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na miguu imeacha kukuvimba. Tulisikia kwamba sasa kisiwa chote cha Kalymnos kinapeperusha bendera yetu ya Ugiriki. Baba angelia machozi kama angekuwepo. Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio hauko sawa, na sina wa kumwambia, kwa maana huku kila mwanamke ana mtu wake baharini na hofu yake inamtosha.

Mwanangu Nomikos amekwenda kuzamia.

Najua hapo umekaa chini. Ndiyo, yule yule uliyemfumia soksi za ubatizo. Sasa ana ndevu, na hasikii la mtu. Nahodha Lefteris amemchukua katika mashua yake, si kushika kamba bali kuvaa kofia ya shaba na kushuka chini ya bahari kuvuna sifongo. Tena si kushuka kwa kawaida. Sifongo za karibu zilikufa kwa ugonjwa mwaka jana, na zilizobaki ziko mbali, kwenye kina ambacho hata zamani watu walikiendea kwa sala.

Uliniomba nikueleze Baba, kaka yako, aliishije huku, maana barua zake zilikuwa fupi na za hali ya hewa tu. Alipofika, wazamiaji walikuwa wakishikwa mmoja baada ya mwingine na ule ugonjwa wa kupooza wa wanaopanda haraka. Kushikwa ni nini, wewe unajua kuliko mimi, uliyemlisha Baba Mdogo Manolis kwa kijiko miaka yote ile. Baba alishuka melini na mkoba wake wa udaktari na ile fimbo ya Manolis uliyompa baada ya mazishi. Vitu vingine vyote alivipata hapa.

Mashua haikuondoka gatini mpaka awe amemsikiliza kila mzamiaji kifua, huku akiwagombeza kwa kunywa na kwa kula ovyo. Masharti yake hata watoto waliyajua. Kina kirefu ni mara moja tu kwa siku. Kupanda ni polepole, na katikati unasimama, hata kama baridi inakutafuna. "Panda kama mtu anayetoka kanisani," alikuwa akiwaambia, "usipande kama anayekimbia mvua."

Manahodha walinung'unika, lakini walimtii. Sidhani ni kwa ajili ya shahada yake. Ni kwa ajili ya ile ngoma, ambayo nadhani alikuficha.

Kila mwaka, kabla ya mashua kuondoka, tunacheza kwenye ua wa kanisa. Kila mara Baba alishika leso akaongoza mstari, akacheza kama kijana. Halafu mguu mmoja ulianza kutetemeka. Aliomba fimbo. Mguu wa pili nao ukamsaliti, akawa anajikokota, anaanguka, anainuka, na fidla inapunguza mwendo kumngoja. Vijana wapya walicheka. Akifika mbele yao aliwaambia taratibu, "Huyu ni mdogo wangu, alipanda kama anayekimbia mvua." Hapo kicheko kilikwisha.

Nilipokuwa mdogo nilijificha chini ya meza ya vyakula ili nisione. Niliichukia ngoma ile, nikidhani anamdhihaki ndugu yake. Sasa naelewa kwamba alikuwa anawanywesha woga kama dawa, kila mmoja dozi yake. Na leo kuna wazee hapa wanakwenda kanisani kwa miguu yao miwili.

Wiki iliyopita nilimwendea Nahodha Lefteris nikamsihi ayashike masharti ya Baba. Alinipokea vizuri, akanitilia kahawa.

"Mama Nomikos," akaniambia, "baba yako Mungu amrehemu, lakini alituogopesha mpaka tukawa tunavua sifongo za kuogeshea vitoto. Woga wake tumeuzika naye."

Nomikos alikuwepo, akacheka pamoja naye. Kicheko kile kilinikata maini. Mume wangu Pantelis, niliyekwenda naye, alininong'oneza ninyamaze, nisimtie mtoto nuksi. Unajua mila yetu, balaa haitajwi mbele ya mtu anayekwenda baharini. Ni Baba peke yake aliyeruhusiwa.

Basi Jumapili, ngoma ikafika mwisho na hakuna aliyecheza ile ya Baba. Mpiga fidla, mzee Stamatis, alipatazama pale Baba alipozoea kusimama, kisha akaanza kukunja vitu vyake. Shangazi, sijui nini kilinipata. Nilivuka barabara hadi nyumbani, nikachukua fimbo nyuma ya mlango, nikarudi nikiwa katika nguo zangu nyeusi za msiba, mimi ambaye mwaka wa kumlilia Baba haujaisha na sipaswi hata kupiga makofi. Nikamnyang'anya Lefteris leso ya kuongozea. Stamatis akaelewa, akapiga.

Nilicheza nilivyoona kutoka chini ya meza. Mara ya kwanza nilijiangusha. Mara ya pili nilianguka kweli, goti likachubuka. Wanawake walifanya ishara ya msalaba, wengine wakatema mate kufukuza mkosi. Nilikwenda kwa magoti hadi mbele ya mwanangu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa ndugu yake babu yako," nikamwambia. "Panda polepole."

Lefteris alisema nimewalaani. Nomikos midomo ilikuwa imemkauka. "Umenifanya kichekesho mbele ya wenzangu, mama," akasema, akaondoka. Hakuja kula. Nilirudisha fimbo mahali pake, nikalala usingizi wa vipande vipande. Jumatatu alfajiri walitweka, na hakuja kunibusu mkono.

Kwa hiyo sasa naogopa mara mbili. Naogopa kile kina, na naogopa mdomo wangu mwenyewe. Mlango ukigongwa, nachungulia dirishani kabla ya kufungua. Nakuomba umwashie Nomikos mshumaa kwa Mtakatifu Nikolaos, na umwambie padre asiseme ni wa nini.

Nisalimie binamu Kalotina na wanawe, na jirani yenu Sakellaris kama bado anagombana na mbuzi wake. Pantelis anakubusu mkono. Mungu akulinde, aturudishie wote walio majini wakitembea.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata bahari ikituzuia,
Sevasti

Shangazi, nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa nafagia kabla ya kwenda posta, na nyuma ya mlango fimbo haipo. Pantelis ameapa hajaigusa. Nimekwenda kumuuliza jirani, ambaye huamka mapema kuwasha tanuri la mkate. Anasema Jumatatu alimwona Nomikos akielekea gatini, koti kalibana kwa mkono, na ncha ya fimbo inachungulia chini. Alikuwa anaificha wenzake wasiione.

Anaogopa, Shangazi. Mungu ashukuriwe, mwanangu anaogopa.