Gauni Lenye Tundu Begani

2 Februari

Kitindamimba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila goti la kulia limeanza tena ukaidi wake. Wewe hujambo? Kifua kimepona? Usiniambie "nipo tu" kama barua iliyopita, maana "nipo tu" ni jibu la mtu anayeficha jambo.

Huku kazi ni ile ile. Ofisi ya ukaguzi wa filamu inaleta karatasi, nami nashika brashi. Wiki hii limekuja bango refu kuliko mlango wa jumba letu la sinema: mwanamke amekaa kitandani, ametupa mgongo, uso hauonekani, na mgongo wenyewe hauna hata uzi. Karatasi inasema: "Afunikwe kuanzia shingoni hadi kiunoni." Basi namvisha. Nimewavisha wanawake wengi kuliko fundi cherehani yeyote hapa mjini, na wote nawapa gauni moja tu, lile la buluu la marehemu mama yako, lenye kola nyeupe. Sijui kuchora jingine. Mama wa tiketi ananicheka, anasema waigizaji wote duniani wananunua duka moja.

Natumia rangi ya maji kama kawaida, kwa sababu mabango ni ya kuazima. Filamu ikiisha tunayaosha na kuyarudisha. Leo nimeishia katikati ya mgongo. Wenzangu huanza juu, mimi huanza chini, goti likishapata moto ndipo napanda ngazi. Kesho namalizia mabega.

Na wewe, lini tutakuona kwenye filamu yenyewe, si matangazo ya sabuni tu? Niandikie.

Wako,
Baba


10 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, asante. Goti ulikande kwa maji ya moto, na usipande ngazi bila mtu wa kuishika.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, sijavua hata viatu. Baba, yule mwanamke wa bango ni mimi.

Nilitaka kukuambia tangu tulipomaliza kuipiga filamu. Kila nikishika kalamu najikuta naandika habari za mvua. Barua hii itakapokufikia utakuwa umeshafika begani, umeshaliona kovu langu la gundi, na umeshajua.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua tangu shule sijawahi kuvaa nguo ya kuacha bega wazi. Harusi ya dada nilivaa sweta kwenye jua kali, watu wakaniuliza kama nina homa. Siku ya kupiga picha ile, binti wa vipodozi alikuja na poda yake, akasema, "Dada, dakika kumi tu, hili kovu halitaonekana." Nikamwambia aliache. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Nilikuwa nimechoka kulificha, Baba. Nimelificha hata kwako, kwa sababu kila ukiliona unaacha kula.

Sikuvua nguo kwa kukosa adabu. Filamu ni ya mwanamke anayempenda mume wake, basi. Lakini naujua mtaa wetu, na nawajua wanaopita chini ya lile bango. Siiogopi ofisi ya ukaguzi. Naogopa usije ukaona aibu kuniita mwanao. Kama ndivyo, niambie. Nigombeze, hata nitukane, lakini usininyamazie.

Mwanao,
Kitindamimba


21 Machi

Baba,

Shikamoo. U mzima? Goti je?

Nimengoja wiki ya sita sasa. Simu hupokei, ila hiyo si ajabu, hujawahi kuipenda. Nimempigia dada, anasema unakula, unakwenda kazini, unarudi, huongei. Basi nimeelewa.

Sitakusumbua tena. Koti la baridi nililokununulia nitamtumia dada, atakupa. Livae, tafadhali, hata kama hutaki kujua limetoka kwa nani.

Mwanao (kama bado),
Kitindamimba


29 Machi

Mwanangu (na usiandike tena hiyo "kama bado"),

Marahaba, na nyingine juu yake. Mimi ni mzima. Nisamehe. Sikunyamaza kwa hasira. Barua hii nimeianza mara saba, na kila mara nakwama pale pale, kwenye sufuria.

Siku ile nilipanda ngazi asubuhi, napiga mluzi. Nikapaka mpaka karibu na bega la kushoto, brashi ikakutana na kovu. Sikuhitaji kuona uso. Kovu lile nalijua kuliko kiganja changu, kwa sababu mimi ndiye niliyeacha sufuria ya gundi ya moto ukingoni mwa meza, nikageuka kutafuta mwiko, na wewe una miaka minne ukaivuta. Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Mama wa tiketi akauliza kutoka chini kama goti limegoma. Nikamwambia ndiyo.

Nikaendelea kukuvisha. Sitakudanganya, mwanangu, baba ni baba: sikufurahi kuuona mgongo wako barabarani. Nilipaka bega, nikakuwekea na kola ya mama yako. Lakini kovu lilinishinda. Kila nikisogeza brashi, mkono unarudi. Mwisho nikalizunguka, nikaliacha, na gauni likabaki na tundu kubwa kama kisahani cha kikombe.

Siku ya tatu akaja mama mkaguzi na karatasi zake. "Mzee, gauni lina tundu. Lizibe."

Nikamwambia siwezi.

"Huwezi kivipi, na brashi unayo?"

"Hilo si la watu wa filamu, mama. Hilo ni langu. Huyu ni binti yangu, na mimi ndiye niliyemuunguza."

Nikamsimulia yote pale pale, mtu mzima nalia mbele ya foleni ya watazamaji. Mama mkaguzi akafungua orodha yake ya visivyoruhusiwa, akaisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, akarudia tena. "Ngozi imo, mzee," akasema. "Kovu halimo." Akagonga muhuri, akaenda zake.

Watu walikuwa wakisimama kulitazama lile tundu, na kila aliyeuliza nilimjibu kwamba huyu ni kitindamimba wangu. Hakuna aliyecheka isipokuwa kinyozi, na kinyozi yule hucheka hata msibani. Kwa hiyo hilo la aibu lifute kabisa. Aibu niliyokuwa nayo ni yangu mwenyewe, ya sufuria. Barua yako ilinikuta nayo, na nilipofika pale uliposema ulinificha kovu ili nile, nikashindwa kuandika.

Wiki iliyopita filamu iliisha, tukalishusha bango kuliosha. Kukuosha mwenyewe haifai, umeshakuwa mtu mzima. Mama wa tiketi akashika sponji, mimi nikashika beseni nikageukia ukutani. Maji ya buluu yakanifikia miguuni. Nikamsikia anasema, "Mzee, mtoto wako amekaa mgongo umenyooka kweli." Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Sasa nakuuliza jambo nililopaswa kukuuliza miaka ishirini na minne iliyopita. Nisamehe kwa ile siku. Na je, bado linauma, hasa wakati wa baridi?

Wako daima,
Baba


6 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mimi ni mzima, nimelia mpaka jirani akagonga mlango.

Haliumi, Baba. Liliacha kuuma kabla sijaanza shule. Mimi nilidhani unajua, wewe ukadhani linauma, tukakaa hivyo miaka yote. Na hakuna cha kukusamehe, lakini kwa kuwa umeomba, nimekusamehe. Sasa ule vizuri.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Filamu imehamia mji wa pili, twende tukaitazame wote, na mama wa tiketi tumchukue. Tutakaa karibu na mlango. Ikikaribia ile sehemu nitakugusa mkono, utoke ukaninunulie maji, halafu nitakuja kukuita. Zilizobaki zote naongea, na uso unaonekana.

Nitakuwa nimevaa gauni la kuacha mabega wazi. Njoo unipokee stendi, Baba, ila brashi uiache nyumbani.

Mwanao,
Kitindamimba