Kwako Mzee Fyuzi, Uliyeandika "Hakuna"

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile asubuhi ulipokaa kwenye kiti chako katika banda la kazi, bisibisi mfukoni, ukasema unapumzika kidogo. Mpaka leo unapumzika. Bisibisi tuliitoa wenyewe kabla ya mazishi, maana ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikuwa msibani anaitazama.

Kwa mujibu wa desturi ya matangazo haya ya kumbukumbu gazetini, tunapaswa kueleza kwamba ulikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu. Upole tunauthibitisha: ulizungumza na betri iliyokufa kabla ya kuitupa. Ucheshi unategemea msikilizaji. Hadithi yako ya waya mwekundu aliyemposa waya mweusi uliisimulia kwenye harusi tatu, na ya nne wakakunyima kipaza sauti. Watu uliwapenda kweli. Madereva walikuita Mzee Fyuzi kwa sababu kila gari lililovutwa kwa kamba hadi kwako ulilipokea kwa maneno yaleyale, "Tuangalie fyuzi kwanza." Na ikiwa kweli ni fyuzi, ulimwacha dereva aende zake bila kumcheka.

Miaka thelathini ulikuwa fundi umeme wa magari nyuma ya kituo cha mafuta. Umeturithisha tabia ya kunusa redio kabla ya kuiwasha. Tunakushukuru, ingawa kule bwenini shuleni tunaonekana wagonjwa.

Baada ya heshima hizo, tuje kwenye habari ya Mama. Wewe unajua kwa nini.

Kwa wasiomjua, Mama ni dereva wa basi la shule. Siku moja alikuwa anateremka ule mlima wenye kona nyingi, watoto arobaini nyuma, breki zikapata moto hadi zikakataa kushika. Alifika chini kwa gia na kwa dua. Jioni hakugusa chakula.

"Baba watoto," alikuambia, "breki zinachemka na mimi sijui. Najua zikishatoa moshi. Moshi si onyo, moshi ni taarifa ya msiba."

Ukaacha kila kazi. Ulitengeneza vidude vya kuhisi joto, ukafunga kimoja kwenye kila gurudumu, ukapitisha nyaya chini ya basi hadi kwenye king'ora mbele kwa dereva. Havikufanya kazi. Umeme uliotoka kwenye vidude vile ulikuwa mdogo mno, kama mnong'ono, na njiani umeme wa alteneta inayochaji betri na wa plagi za injini uliuvuruga wote. Breki zikiwa baridi, king'ora kinalia. Breki zikiungua, kimya. Siku moja kililia kwa sababu Mama amewasha waipa, watoto arobaini wakaanza kusali kwa sauti.

Miezi minane ulikonda. Kisha ikaja ile Jumamosi, mdogo wetu amelala, sufuria zinapiga kelele, na wewe uko sebuleni unamnong'oneza Mama aliyeko jikoni.

"Nini?" Mama akauliza. Ukanong'ona tena. "Sikusikii, bwana! Ukitaka nikusikie kwenye kelele hii, usininong'oneze. Gonga ukuta. Gonga polepole ukitaka maji, gonga harakaharaka nyumba ikiungua."

Ulisimama mdomo wazi. Ukatoka mbio kuelekea bandani, umevaa kandambili za Mama.

Huo ndio uvumbuzi wenyewe, na tunaueleza hapa ili kila msomaji aujue. Badala ya kuutuma mnong'ono safari ndefu, uliugeuza palepale gurudumuni ukawa mapigo. Breki baridi, mapigo ya polepole. Zikipata joto, yanaongeza mwendo. Zikikaribia kuungua, yanashuka kama mvua ya mawe juu ya bati. Kelele za gari huharibu mnong'ono, lakini hazimzuii mtu kuhesabu mapigo. Kuanzia hapo Mama aliteremka mlima ule akiimba, jambo ambalo watoto wa basi wanasema lilikuwa na madhara yake.

Ukatukusanya, ukasema mbele yetu, "Hiki ni chetu, mimi na mama yenu. Mimi mikono, yeye kichwa."

Ulisema, Baba. Usijifanye umesahau.

Miezi miwili iliyopita Mama aliingia duka la vipuri la mjomba, kaka yake wa tumbo moja, kutafuta mkanda wa feni. Akakuta kidude chenu kwenye rafu, kimevalishwa boksi jipya, na juu ya boksi picha ya mjomba anatabasamu kama aliyejifungua salama. Ukutani kuna cheti cha uvumbuzi. Jina, lake.

"Kaka, hiki nini?"

"Dada, usianze. Vuta kiti."

"Kukaa nakaa kutwa nzima kwenye usukani. Hiki nini?"

"Shemeji alinipa mwenyewe. Unamjua, yeye na ofisi za serikali ni paka na maji."

"Unamwibia maiti, kaka? Maiti!"

"Sijaiba. Saini yake hii hapa, soma."

Mama alikuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kelele, mtaa mzima usikie kwamba saini imeghushiwa. Pumzi ikaishia hapo. Ilikuwa saini yako, na ule mkia wake wa samaki. Fomu ilisema unamkabidhi shemeji yako haki zote. Chini kulikuwa na mstari wa kuwataja wengine waliochangia wazo. Hapo, kwa kalamu ya bluu na herufi kubwa, kwa mwandiko uliotusahihishia hesabu zetu, uliandika: HAKUNA.

"Ulimwona akiandika?" Mama aliuliza.

"Nilimwona."

"Alisita?"

Mjomba alitazama mkanda wa feni. "Alisema akikutaja utaitwa ofisini, na ukiitwa utajua kwamba amenikabidhi mimi."

Tulitegemea Mama alie. Hakulia. Alirudi nyumbani, akaigeuza picha yako ikatazama ukuta. Wiki mbili tulikula chakula tukitazamana na mgongo wa fremu, wenye utando wa buibui na namba ya simu ya fundi seremala.

"Baba amefanya nini?" mdogo wetu aliuliza.

"Yuko kwenye adhabu," kaka mkubwa akamjibu.

"Mpaka lini?"

"Muulize mwalimu wa zamu." Na akaonyesha jikoni.

Kwa mjomba hatukushangaa sana. Huyo alishawahi kuuza baiskeli ya kaka mkubwa, kaka mkubwa akiwa juu yake. Ni wewe uliyetuvunja, Baba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje ukigundua nguo yenyewe ndiyo inakula.

Cheti bado kilikuwa ndani ya siku za pingamizi. Mjomba alipopata fununu kwamba Mama anakwenda ofisi ya uvumbuzi kukipinga, alifika na shangazi wawili wa kumsaidia kuhuzunika.

"Dada, utasema nini kule? Kwamba marehemu alidanganya kwenye fomu ya serikali? Utamchafua mumeo kaburini?"

"Mume wangu alinifuta mimi nikiwa hai," Mama alisema. "Nikimchafua kidogo yeye akiwa amekufa, atavumilia. Shangazi, chai iko kwenye chupa."

Akaenda. Mhandisi wa ofisi ile, bwana mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, aliuliza kama kuna mchoro. Hakukuwa na mchoro. Hukuwahi kuchora hata ramani ya kuja nyumbani. Akafungua kidude ulichotengeneza kwa mkono wako, ambacho Mama alikwenda nacho. Vipande vyote vya ndani vilikuwa vimekwanguliwa namba, kama mlivyozoea mafundi, ili mwizi akikifungua asijue anunue nini.

"Hiki ni kipande gani?" alimuuliza mjomba, aliyeitwa naye siku hiyo. Vidude vya dukani kwake vilitengenezwa na watu aliowalipa.

"Hicho... ni cha kawaida. Cha umeme."

"Na hiki?"

"Nacho cha umeme. Kwa ndani zaidi."

Mama akaomba kusema. Alieleza kwamba wewe ulikuwa na mikono ya haraka, ukikwangua unavunja miguu ya vipande, kwa hiyo kazi ya msasa ilikuwa yake, juu ya meza ya chakula, kila Jumapili. Na dereva hafuti kitu ambacho hajakisoma. Akazitaja namba zote, kipande kwa kipande. Hiki kinaukuza mnong'ono. Hiki kinaugeuza mapigo. Hiki cha mbele kinahesabu.

"Na kwa nini mapigo, mama?" mhandisi aliuliza. "Kwa nini si njia nyingine?"

Mama alimweleza habari za jikoni. Mhandisi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeuzia fomu na kumpa kalamu: akate lile neno, aandike jina lake kamili, aweke saini pembeni. Alimwonyesha na wino mweupe wa kufutia, kama angependa.

"Hapana," Mama alisema. "Nimeshakwangua vya kutosha kwa ajili ya kidude hiki."

Akakata kwa mstari mmoja. Neno lako bado linasomeka chini ya jina lake, na litasomeka hivyo miaka yote.

Tulidhani angerudi na furaha. Alirudi akavua viatu, akakaa, akasema jambo moja ambalo ametutuma tukufikishie kama lilivyo. Ungemwomba, angekupa. Ungesema tu, "Mke wangu, nataka kaka yako akipeleke mbele kidude hiki," angesaini yeye mwenyewe na kalamu angekutafutia. Jina halimuumi. Kinachomuuma ni kwamba uliishi naye miaka ishirini na miwili, na bado ukaona ni rahisi zaidi kumfuta kuliko kumuuliza.

Unakumbukwa na mkeo, mvumbuzi mwenzako. Na wanao wote watatu. Na shangazi wawili waliomaliza chai. Na madereva wa kituo cha mafuta, ambao hawajapata mwingine wa kuangalia fyuzi kwanza. Mjomba ameomba atajwe. Tumemtaja.

Hatujamaliza kukukasirikia, Baba. Tutakukumbuka siku zote, hata zile ambazo tusingependa.