Uso wa Kumpokea Mama

Dada Dorca,

Huku Migosi mimi ni mzima, na sukuma wiki niliyopanda imeshika vizuri. Jumamosi Mama alikuja kuniona, mara ya kwanza tangu niache jina la Oyugi na kuanza kuishi kama mwanamke. Baba alikataa kuja.

Nilimpikia samaki, kisha nikapaka poda kidogo ya rangi ya ngozi yangu, nikachora nyusi kwa wanja wa kahawia, na mdomo nikaupaka rangi hafifu. Sikutaka aone vipodozi. Nilitaka anione mimi.

Alinitazama mlangoni mpaka nikaogopa. Kisha akalowesha kidole na kusema, "Nyusi moja imepanda. Inama, binti yangu."

Niliinama. Alinirekebisha polepole, halafu akauliza kama nimemwachia kichwa cha samaki, kama nilivyozoea kumwachia nyumbani.

Mdogo wako mwenye furaha,
Maryanne